Kanga Nyekundu Ukutani

Jamani, ningekuwa mzaliwa wa pwani aibu hii isingenikuta, ila mimi ni mtu wa Njombe na kazi yangu ni kuchora majengo. Nilipelekwa kijiji kimoja ukingoni mwa mto Ruvuma, karibu na bahari, nikabuni mgahawa wa wageni kupumzika. Nikazunguka nikipiga picha, kisha nikazionyesha kwa projekta kwenye mkutano wa kijiji, kifua mbele.

"Tazameni ufundi wenu!" nikasema. "Ukuta wa makuti umezunguka kama konokono, hauna mlango wala paa, upepo wa mto unapita tu. Na juu kuna kanga nyekundu, pambo! Mgahawa wetu wa mtoni tuujenge vivyo hivyo."

Watu wakainama, mabega yanatikisika. Nikadhani nimewagusa mioyo, nikaikuza picha ikajaa ukuta mzima.

Bi Somoe, mama aliyenipangisha chumba, akasimama.

"Mwanangu, hicho ni choo chetu cha wanawake. Kanga ikiwa juu, ujue mtu yumo. Siku ile nilikohoa mpaka koo likakauka, ili uondoke. Wewe ukanijibu, 'Pole, mama,' ukaendelea kupiga picha!"