Diski ya Utepe Mwekundu

Ukitaka kumkasirisha kaka yangu Masunga, shika diski yake kwa kidole gumba. Atakupokonya hapo hapo, hata uwe mwenyekiti wa kijiji, kisha atakuonyesha inavyoshikwa: kidole kimoja kwenye tundu la katikati, vingine ukingoni, na upande unaong'aa haumhusu mtu. Anaendesha gari la matangazo hapa Bariadi, pikapu yenye spika mbili juu, na riziki yake yote inatoka kwenye deki ya DVD iliyopachikwa mbele ya gari. Mnada wa ng'ombe, chanjo, msimu wa pamba, misiba, watu wameyasikia kupitia diski za Masunga.

Huzifuta kwa kitambaa laini, kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni, moja kwa moja. Ole wako uzungushe kitambaa. Spiriti hataki kuisikia. Karatasi habandiki, maana hubanduka kwa joto ikakwamisha deki. Na dashibodi yake haijawahi kulaza diski juani. Safari moja tulipita mashamba ya mpunga, akaona watu wametundika diski za zamani kufukuza ndege. Alisimamisha gari akawagombeza watu asiowajua hata kwa jina. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kwa hiyo diski ya harusi yangu nilimpa yeye aitunze. Mimi na mume wangu hatukuwa na deki. Siku hizi nani anayo? Na ndani ya diski ile nilitaka kitu kimoja tu: maneno ya mama. Siku ya harusi alisimama, akashika maiki, akaniusia. Spika zilikuwa zinapiga miluzi, wanawake vigelegele, mimi nalia chini ya shela. Sikusikia kitu. Baadaye Salvatory, mpiga video wa Maswa, akatuletea diski imefungwa kwenye nailoni na utepe mwekundu juu, nikaiona nzuri mno kuifungua. Kila nilipomuuliza mama alisema nini, alinicheka, akiniita mama kwa Kisukuma chetu.

"Si ipo kwenye diski, mayu? Utasikia."

Mwaka jana mama akafariki, ghafla, bila hata kulazwa.

Siku ya misa ya kumbukumbu, nyumbani Zagayu, ndugu wote walilizunguka gari la Masunga, milango wazi, spika zimeelekezwa uani. Masunga akakata utepe, akaifuta diski ambayo wala haikuwa na vumbi, akaiingiza. Deki ikanguruma, ikasita, ikaitema. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski. Akairudisha. Ikatemwa tena.

"Umeiunguza humo ndani ya gari lako," mjomba Jilala akasema mbele ya watu wote. "Mtu mzima unapewa sauti ya mama yako, unaianika juani!"

Mimi niliwaka, maana nilijua diski ile ilikaa kabatini kwake, wima ndani ya kasha lake, tangu siku niliyompa. Nilimwambia mjomba anyamaze. Sijawahi kumwambia hivyo kabla, na sijutii.

Kesho yake tukaipeleka kwa Joakim, fundi wa redio za magari hapa mjini. Akaiinamisha kwenye mwanga.

"Haina hata mkwaruzo," akasema. "Ila haijafungwa."

"Haijafungwa vipi?" nikamjia juu. "Utepe wenyewe tumeukata jana!"

"Sisemi nailoni, dada. Ukimaliza kurekodi, unaiamuru mashine iifunge diski. Ikishafungwa, deki yoyote itaisoma, hata ya gari. Isipofungwa, inasomwa na mashine ile ile iliyoirekodi. Picha zimo humu. Mrudishieni aliyerekodi aifunge." Akaigeuza tena. "Awe makini tu. Hii ni ile inayofutika ikarekodiwa upya."

Basi miaka yote hiyo nilikuwa natunza utepe! Salvatory alifunga nailoni, diski akaiacha wazi, na hela yake akachukua. Njia nzima ya kwenda Maswa nilikuwa nasema peke yangu. Masunga aliendesha, uso wake umefunguka. Mama alikuwa yumo.

Salvatory tulimkuta anakula chipsi. Mashine yake ilikuwa bado ipo, imefunikwa kitambaa, juu yake chungu cha maua. Hakusema pole. Aliichukua diski kwa vidole vile vile vya mafuta, kidole gumba katikati ya upande unaong'aa, akaitumbukiza. Nilimwona Masunga anafumba macho.

Na mama akatokea! Kitenge chake cha njano, maiki ameishika chini mno kama mwiko, anatabasamu. Akakohoa. Akasema, "Gloria, ng'wanawane, mwanangu..."

Picha ikaganda, uso wa mama ukakatika vipande vipande.

"Ni mafuta ya mkono wako," Masunga akasema. "Ifute kwanza, ndugu yangu. Ifute vizuri, ndipo uifunge."

Simu ya Salvatory ikaita. Akaibana kwa bega, akacheka na mtu wa upande wa pili, akachukua rimoti. Menyu ikafunguka. Akabonyeza. Mashine ikamuuliza kitu, akabonyeza tena bila kusoma. Mimi nilidhani anaitoa. Kimstari kikatembea kwenye kioo, kikafika mwisho.

"Tayari, nimeifuta," akasema, simu ingali begani. "Sasa nifunge nini?"

Kioo kilikuwa cha bluu kitupu.

"Kwa kitambaa!" Masunga alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nilisema uifute kwa kitambaa!"

"Kaka, umesema nifute, nimefuta. Wewe ndiye uliyesema, na dada yako ni shahidi."

Nilimtukana Salvatory matusi ambayo mama angenichapa kwa kuyajua. Nilisukuma chungu chake cha maua kikavunjika, na kama si Masunga kunishika mkono ningefuatisha mashine. Akadai hana nakala, kadi ya kamera ilisharekodiwa harusi nyingine. Hasira ile ninayo mpaka leo, na simsamehe. Mtu anakuja kwako na mama yake mkononi, wewe huwezi hata kukata simu!

Masunga alibonyeza kitufe, diski ikatoka. Akaishika kwa mkono mzima, kidole gumba juu ya alama ile ile ya mafuta, akatembea nayo hivyo mpaka kwenye gari. Akaiweka kwenye dashibodi, juani, akawasha gari. Hakuifuta.