Jina la Mama Yakobo na Lile Dimbwi la Ubatizo

Kuna kanisa moja Woolwich ambalo mpaka leo nikiingia lazima mtu aniulize kama nimeshakauka, nami nacheka nao tu, maana hata nikikataa nitamkatalia nani wakati kanisa zima lilikuwepo na lilinitolea macho.

Mimi ni msusi, Peckham. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu hazikupata taarifa hiyo (nilishajiona kabisa kwenye televisheni, miwani puani, nikiwatafutia watu mababu zao). Sasa siku moja namsuka Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Kivu aliyenifanya binti yake tangu nilipofika London nikilia baridi, akaniambia mjukuu wake mchanga ataombewa kanisani na kupewa jina, na yeye roho yake yote inataka apewe jina la bibi yake yeye mwenyewe, mzaa baba, ila hakuna anayelijua tena. Wazee wote vita vimewamaliza. Na bibi mwenyewe watu walimwita Mama Yakobo tu, kwa jina la mwanawe, kwani nani angethubutu kumwita mkubwa jina lake?

"Kitu ninajua ni kimoja tu," akasema. "Aliingia mtoni kubatizwa na jembe mkononi. Alikataa kuliacha."

Nikamwambia, "Mama, niachie mimi."

Nikaenda maktaba wanakotunza historia za makanisa ya Kibaptisti ya mwanzomwanzo, mzee wa pale akaniletea kitabu cha kanisa la kwao walichoandika wamisionari wenyewe, nikatoa fotokopi ya sura nzima. Hapo ndipo nilipoharibu. Kile Kiingereza cha zamani, sentensi moja inaanza Jumatatu inaisha Alhamisi, nikasema ya nini kujitesa, nikaruka maelezo yote nikaenda kwenye orodha ya waliobatizwa, maana jina ni jina. Kijijini kwao walikuwepo wanawake wawili tu, Esta na Nabintu. Nabintu alibatizwa mwaka mmoja kabla Yakobo hajazaliwa. Na mimi nimelelewa Mkatoliki, nilibatizwa nina wiki tatu, nikapiga hesabu: mtoto wa mwaka mmoja atazaaje? Nikamkata kwa kalamu nyekundu. Esta kwa hesabu zangu alikuwa na miaka ishirini, umri mzuri kabisa wa kuzaa! Mama Furaha akinipigia simu namjibu, "Subiri Jumapili, Mama," huku nimeshaagiza keki imeandikwa KARIBU ESTA kwa krimu ya waridi.

Jumapili ikafika. Siku hiyo kulikuwa na vijana wa kubatizwa pia, kwa hiyo mbao za sakafu pale mbele zilikuwa zimeondolewa na dimbwi la ubatizo lililo chini yake limejaa maji. Mchungaji akanipa maikrofoni nami nikaanza kueleza kitaalamu, mkono mmoja karatasi zangu.

"Huyu Nabintu nimemwondoa, Yakobo anazaliwa yeye alikuwa na mwaka mmoja tu."

"Huo mwaka mmoja umeutoa wapi, dada?" akauliza Mchungaji.

"Si mwaka aliobatizwa umeandikwa hapa?"

"Na alizaliwa lini?"

"Mwaka huohuo, Mchungaji! Kwani watu hubatizwa wakiwa na miaka mingapi?"

Kanisa likaangua kicheko. Mama mmoja wa mbele akapiga kelele, "Mwanangu, sisi tunabatiza wenye ndevu! Watoto tunawaombea tu!"

Kwa aibu nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi ya pili, ya tatu haikuwa na sakafu.

Niliibuka nikikohoa, wigi langu linaelea kule, karatasi zinaelea huku (msusi mzima na wigi, ndiyo, msiniulize), kijana mmoja wa kubatizwa analalamika, "Ametupita foleni!" Mchungaji akapiga magoti kuniokolea karatasi, akainua moja kuona kama bado inasomeka, kisha akaisogeza karibu na macho. Akatusomea kwa Kiswahili:

"Mwanamke mmoja, Nabintu, alikataa kuliacha jembe lake ukingoni, akabatizwa nalo mkononi. Alisema ni la kuazima, hawezi kulipoteza."

"Njo yeye!" Mama Furaha alikuwa ameshasimama. (Kwao "ndiye" wanasema hivyo.) "Njo yeye! Bibi yangu huyo!" Akaja mpaka ukingoni, akanivuta kutoka majini na kunikumbatia na kitenge chake kipya, analia, mimi nalia, na hakuna aliyejua machozi yako wapi na maji yako wapi.

Mtoto akaitwa Nabintu. Esta wa kwenye keki tulimkwangua kwa kisu, tukamla.

Basi nimeapa: kitabu nitakisoma chote hata kinikalishe mwezi mzima, na mbele ya mchungaji sirudi nyuma bila kugeuka. Nabintu mdogo ameanza kutambaa, juzi Mama Furaha kaja naye saluni, mtoto kashika kitana, tumembembeleza, tumempa biskuti, kakataa katakata kukiachia. Nikamwacha aende nacho. Na kitana chenyewe nilikuwa nimekiazima.