Mama Yangu wa Miaka Tisa

Harufu ya vanila hunikasirisha hadi leo. Wajukuu zangu wakileta keki kutoka mjini hunikatia kipande, nami nakisukuma pembeni, nao hucheka kwamba bibi hajui vitamu. Navijua sana. Nililala miaka minne ukuta kwa ukuta na ghala la vanila, katika bweni la wasichana la misheni moja huku juu Uluguruni, mahali ambapo ukungu ukitoweka asubuhi unaiona Morogoro chini kabisa, mapaa machache na moshi. Maganda ya vanila yalitumbukizwa kwanza katika maji ya moto, kisha yakaanikwa juani siku nyingi, na kila jua lilipokwenda yalifunikwa mablanketi mazito ya sufu yaliyotoka Ulaya ili joto lisiyatoke. Tuliyafunika sisi, kwa mikono yetu, kwa uangalifu kama watu wanaolaza watoto wachanga. Halafu tulikwenda kulala juu ya mikeka, wawili wawili chini ya kaniki moja, na baridi ya milima yetu haina utani. Mtu akiniuliza shule yetu ilikuwaje, humsimulia habari ya yale mablanketi, na mengine anajijazia mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, miaka michache kabla ya vita iliyomwondoa. Bomani Morogoro wanaume walilazwa chini wakachapwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, kwa makosa ambayo mengine hawakupata kuyajua. Jumbe wetu aliagizwa atoe watoto wa kusoma, na bibi yangu mzaa mama, ambaye hakupenda kusumbuliwa mara mbili, alitoa wawili kwa mpigo. Wa kwanza nilikuwa mimi, Magdalena, mjukuu wake, nikiwa na miaka kama kumi na mitatu. Wa pili alikuwa Veronika, kitinda mimba wake, mwenye miaka tisa. Veronika alikuwa mdogo wa mama yangu, tumbo moja, kwa hiyo alikuwa mama yangu mdogo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ndugu wa kike wa mama yako ni mama yako, awe na mvi au awe bado ana mapengo ya meno ya utoto. Mimi nilimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, nikamfuta kamasi huku nikimwita mama, wala hakuna aliyeona ajabu. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, naye akaitikia kwa mapengo yake, “Marahaba, mwanangu, umeamkaje?” Siku tunaondoka nyumbani bibi aliniambia mimi nimtazame mama yangu, kisha akamgeukia Veronika akamwambia amtazame mwanawe. Tulicheka njia nzima, lakini yule mtoto aliyatia maneno yale moyoni. Ukubwa ni jaa, na yeye aliupokea mapema. Tulipopewa uji alinibakishia sehemu yake chini ya kata, akanisimamia mpaka nimalize.

Sista aliyetutawala tulimpa jina la Bibi Saa, kwa sababu alibandika saa kifuani na kuitazama kuliko alivyotutazama sisi. Kiswahili chake kilikuwa safi, na hilo lilituumiza zaidi, kwa kuwa hatukuweza kusingizia kwamba hatukuelewa. Tuliamka kwa kengele, tukasali kwa kengele, tukafagia, tukalima, tukashona, tukasoma kidogo, tena kengele. Aliyechelewa alipiga magoti juu ya kokoto. Aliyejibu alikosa chakula. Lakini Bibi Saa mwenyewe hakupata kuinua fimbo. Alikuwa na utaratibu wake: mkubwa humpiga mdogo, na kiranja ndiye hushika fimbo. Alisema hivyo hujenga adabu pande zote mbili. Mimi nasema alitaka mikono yake ibaki safi kwa ajili ya kanisani. Mkono ulioogopwa kuliko yote ulikuwa wa Skolastika, msichana mkubwa kati yetu, mwenye mabega mapana na maneno machache. Skolastika aliletwa na msafara wa watumwa akiwa mchanga, misheni ikamkomboa, na hata jina la kabila lake hakulijua. Sikukuu zilipofika sote tulikwenda makwetu, yeye akabaki na ufagio. Alitupiga bila chuki na bila huruma, naye tulimchukia kwa moyo wote. Nasema kweli, mimi mwenyewe nilimwita msichana asiye na kwao, naye akasikia.

Mwaka ule ninaousimulia vanila ilichanua kupita kiasi. Mimea ile hutambaa juu ya mibono, na ua lake, la kijani iliyofifia, hufunguka alfajiri na kufa kabla ya adhuhuri. Huku kwetu hakuna mdudu anayejua kulishughulikia, hivyo lazima mkono wa mtu uingie. Unashika kijiti kilichochongwa vizuri, unainua kijiulimi kilichomo ndani ya ua, unagusanisha dume na jike, basi. Ukikosea au ukichelewa, ua linaanguka na hakuna ganda. Sisi wenyewe tuliiita kazi ya harusi, na Bibi Saa aliposikia jina hilo alitunyima chumvi siku tatu. Kila msichana alikuwa na mstari wake wa mibono, na alfajiri tuliingia shambani umande ukitulowesha hadi mapajani, vidole vikiwa vimekufa ganzi, tukifungisha ndoa maua mamia kwa mamia ya watu ambao hatukuwahi kuwaona.

Katikati ya majira yale nikashikwa na homa. Nililala bwenini natetemeka, meno yakigongana, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki nami kwa sababu maua hayangojei. Sikumbuki mengi ya asubuhi ile. Nakumbuka mkono mdogo shingoni mwangu, na sauti ikiniambia, “Kunywa, mwanangu. Kidogo tu. Tena.” Veronika alikuwa ameacha mstari wake, akaingia jikoni, akawalilia wapishi mpaka wakampa uji wa moto, akaja kuninywesha kwa kata, kisha akalala pembeni yangu akanifunika kwa mwili wake mpaka baridi ikanitoka. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, lakini siku ile mkono mmoja ndio uliokuwapo, tena wa mtoto wa miaka tisa. Alipokumbuka shamba, jua lilikuwa limeshapanda. Mstari wake wote ulikuwa umenyauka.

Siku ya tatu nilipoweza kusimama, Bibi Saa alitukusanya mbele ya ghala. Alikuwa ameokota maua makavu akayatia katika leso. Akamsimamisha Veronika katikati, akanipa mimi fimbo. “Magdalena,” alisema, “huyu ameacha kazi kwa ajili yako. Kwa hiyo wewe ndiye utakayemfundisha. Kumi na mbili.”

“Siwezi, Sista.”

“Bado unaumwa?”

“Siumwi. Huyu ni mama yangu.”

Alimtazama Veronika kutoka utosini hadi vidoleni, akanitazama mimi, niliyemzidi kimo kwa kichwa kizima. Akadhani namfanyia dhihaka. Shavu lake likawa jekundu. Alisema kwa upole, na upole wake tuliuogopa, kwamba nisipompiga mimi ataitwa msimamizi wa shamba aje na kiboko chake. Kiboko kile kilikuwa cha ngozi ya kiboko kwelikweli, na tulishaona migongo ya vibarua. Basi msomaji, fikiri vizuri. Fimbo yangu ningeweza kuilegeza. Ningepiga kumi na mbili za kuonyesha, vumbi la nguo likaruka, mambo yakaisha. Kukataa kwangu kungemletea mabaya zaidi yule yule niliyekuwa namlinda. Na Veronika aliliona hilo haraka kuliko mimi. Alisimama wima, akaniambia kwa sauti ya bibi yangu kabisa, “Piga, mwanangu. Mimi nimekuruhusu.”

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikupiga, kama mama mwenyewe ameamuru. Sikuwa shujaa, na miguu yangu bado ilikuwa na homa. Niliwaza jambo dogo sana: kesho asubuhi nitamwamkiaje? Nitasema shikamoo kwa mdomo upi, naye ataitika kwa moyo upi? Niliona kwamba nikiinua mkono ule mara moja tu, Bibi Saa atakuwa ameninyang'anya mama, na hakuna likizo itakayonirudishia. Niliinama nikaiweka fimbo chini, taratibu, mbele ya viatu vyake.

Hapo ndipo alipomwita Skolastika. Alijua anachofanya. Wasichana wengine kumi na kitu wa kwetu milimani wangeweza kutafuta udugu, huyu shangazi, yule mtani, na kweli nusu yao walikuwa wameshaanza kunong'ona hivyo. Skolastika hakuwa na pa kuanzia. “Wewe huna mama hapa,” Bibi Saa alimwambia, “kwa hiyo utanisikiliza.” Skolastika akaiokota fimbo. Akaipima mkononi kama alivyozoea. Nilifumba macho. Niliposikia fimbo hailii nikafumbua, nikamwona yule mtu mzima amepiga magoti mbele ya mtoto, kichwa ameinamisha, fimbo ameilaza pajani.

“Shikamoo, mama,” alisema.

Veronika hakushtuka wala hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha Skolastika. “Marahaba, mwanangu.”

Kiboko kililetwa, sitaficha. Bibi Saa aliamua kwamba dhambi ya maua imeshapitwa na dhambi ya ukaidi, kwa hiyo tulichapwa mimi na Skolastika, ubavu kwa ubavu, na Veronika akapigishwa magoti atazame. Sisi hatukulia. Skolastika aliniambia baadaye kwamba alikuwa anauma ulimi, mimi nilikuwa nahesabu mibono. Aliyelia alikuwa mama, alilia kwa sauti mpaka wapishi wakatoka jikoni, na msimamizi mwenyewe, Mluguru mwenzetu, mkono ukamlegea, akamalizia zile za mwisho hewani huku Bibi Saa akitazama saa. Jioni ile Skolastika alihamia kwenye mkeka wetu. Kaniki moja kwa watu watatu, na tulilala vizuri.

Noeli ilipofika hakubaki na ufagio. Hakuomba hata ruhusa, alibeba kikapu cha Veronika kichwani akashuka nasi mlimani, na aliporudi aliadhibiwa, akasema hajutii. Nyumbani Veronika alimshika mkono akampeleka kwa bibi. “Huyu ni mwanangu,” alisema, “basi ni mjukuu wako.” Bibi alimwuliza Skolastika kama amekula. Miaka ilipopita na Skolastika akataka kujenga, mjomba wetu mkubwa, mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo, alinung'unika kwamba hatuwezi kumkatia shamba mtu wa njiani. Bibi akamjibu kwamba mtoto akishatambuliwa na mama yake, mjomba haulizwi. Shamba lilikatwa, pale juu ya kijito, na Skolastika analilima mpaka leo.

Bendera imeshabadilika mara mbili tangu siku zile. Nikikutana na wenzangu tuliosoma pamoja, tukikaa Kilakala, kule Morogoro, kwa binti yangu, nawasikia wakisifu. Adabu ilikuwa ya zamani, wanasema. Ile fimbo ndiyo iliyotufanya watu, wanasema, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Siku hizi watoto wamelegea. Mimi huwaacha wamalize chai, kisha nawaambia wamesahau. Kusoma nilijifunza pale, sikatai, na nashukuru, lakini herufi hazikuhitaji fimbo kuingia kichwani. Tulikuwa watu tulipofika. Kazi yote ya miaka minne ilikuwa kutaka tusiwe, na wengine wetu tulikataa. Lakini na watoto wa sasa nina neno nao. Mjukuu wangu ana mama mdogo aliyezaliwa baada yake, anamwita kwa jina, tena anaona haya kumwamkia mbele ya wenzake. Hakuna Sista aliyemshikia fimbo. Amekitupa mwenyewe kitu ambacho sisi tulichapwa kwa kukishika, nami siku moja nilimwambia hivyo mpaka akalia, na sikujuta.

Mwaka jana Veronika alifariki. Mungu hakumjalia kuzaa, ingawa alilea nusu ya kijiji, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kanisa lilijaa. Padri alikuwa kijana mgeni, wa mbali, mtu mwema. Wakati wa kuaga ulipofika alisimama kando ya jeneza akasema watoto wa marehemu watangulie mbele. Mimi na Skolastika tukashikana mikono, tukainuka. Yeye ana fimbo ya kutembelea na mgongo umepinda, mimi goti la kushoto halikunji, na sote wawili, mtu yeyote mwenye macho anaona, tulimzidi umri yule aliyelala pale. Tulitembea polepole katikati ya mabenchi. Padri akadhani hatujasikia. Akatuinamia kwa heshima, akasema, “Shikamooni, bibi zangu. Nimeita watoto wake kwanza.”

“Tumesikia, Padri,” Skolastika akamjibu. “Ndio sisi.”