Dazani ya Pili ya Mafuta ya Jua

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa bado yanavunwa kwa kombaini, baridi ya Julai ilitudanganya wengi. Upepo unashuka kutoka mlimani Hanang, wewe unavaa koti, unajikunyata, unasema leo jua halipo. Jua lipo. Binti yangu alilijua kuliko sisi wote, maana alizaliwa na ngozi isiyo na rangi ya kujikinga. Siku hizi tunasema ana ualbino. Wakati ule kulikuwa na majina mengine ambayo sina haja ya kuyaandika.

Alikuwa na miaka tisa. Sikio lake la kushoto lilikuwa na kidonda kinachopona na kurudi, na muuguzi wa zahanati alikwisha kuniambia bila kuzunguka kwamba kidonda cha namna hiyo kikizoea kurudi, siku moja kinakuja kukaa. Avae kofia pana, avae mikono mirefu, apakwe mafuta ya jua kila asubuhi. Kofia nilinunua. Mafuta hayakuwepo Katesh, hayakuwepo Babati, na Arusha yalipopatikana, tyubu moja ilikuwa bei ya mbuzi, na si mbuzi mgonjwa.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa mnadani. Chumvi ya ng'ombe, sabuni za kukata vipande, malapa ya tairi. Kwa hiyo bwana mmoja mwenye tai alipokuja mnadani na kijana wa kamera, wakiulizia mtoto mwenye ngozi kama ya binti yangu ili wampige video ya kutangaza mafuta yao ya jua, sikushtuka wala sikufurahi. Niliwapa kigoda wakae.

"Mzee, tutakupa posho nzuri," akasema mwenye tai.

"Posho sitaki. Nataka mafuta."

"Tutakupa tyubu mbili, mzee wangu."

"Dazani mbili."

Akacheka. Nikaendelea kukata sabuni. Mtu akicheka kisha asiondoke, ujue bado anapiga hesabu. Tulimaliza hivi: dazani moja mkononi kabla ya kazi, dazani ya pili kazi ikiisha na yeye ameridhika. Na sharti langu: mtoto havuliwi kofia baada ya saa nne asubuhi. Dazani mbili zingetuvusha kiangazi kile na masika na kipande cha kiangazi kingine. Nilizipanga kichwani tyubu kwa tyubu, nikazipanga tena, jibu likawa lile lile.

Binti yangu hakuwa na habari ya dazani. Alipewa maneno ya kusema mbele ya kamera: "Sasa jua ni rafiki yangu." Aliyasema siku tatu mfululizo, akichota maji, akichambua maharage, mpaka mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, akawa anayasema pamoja naye. Shuleni mtoto huyu alikaa dawati la mbele kwa sababu haoni mbali, na wa nyuma walimrushia vipande vya chaki kwa sababu anaonekana. Sasa watu walikuwa wanakuja kutoka Arusha kumtazama yeye, kwa kumtaka.

Siku yenyewe mke wangu hakuwepo. Alikuwa kwao Nambis, kuwasaidia wazazi wake kuvuna. Angekuwepo, mambo yangekwenda njia nyingine, maana watu wa milimani kwao wanaamini maji na sabuni. Mama yangu ni wa tambarare, wa familia za ng'ombe. Kwake yeye mtoto anayepelekwa mbele ya wageni hatoki nyumbani akiwa mkavu. Mtoto mkavu ni mtoto asiye na ng'ombe wala bibi. Alfajiri, wakati mimi nafunga mzigo, yeye alikuwa jikoni anamsugua mjukuu wake samli ya ng'ombe, uso, shingo, masikio, mikono mpaka kwenye viwiko, na aliposhindwa kuona pa kuongeza akaongeza. Nilipomwona mtoto nje, alikuwa anang'aa kama sufuria mpya. Nikadhani ni vizuri. Mtu anang'aa, picha itatoka. Ndivyo nilivyowaza.

Shambani, ngano ilikuwa imeiva mpaka macho yanapoishia, rangi moja tu. Mwenye tai alikuwa ameitaka hiyo rangi. Kijana wa kamera akamwita binti yangu, akamkagua, akaninusia mtoto kama anayenunua samaki.

"Mzee, huyu amepakwa nini?"

"Samli."

"Samli ya kupikia?"

"Ya kupikia, ya kupaka, ya kufungulia kizazi. Samli ni samli."

Wakajaribu. Mafuta ya jua juu ya samli yalikataa kushika. Yalitambaa, yakajikusanya kwenye kidevu, yakadondoka. Na kwenye kamera, kijana akasema, uso wote ni taa, hauonekani pua wala mdomo. Ikabidi aoshwe. Maji yalikuwa ya tangi la trekta, ya baridi inayouma mfupa. Nikamwosha kwa sabuni yangu ya biashara, mara ya kwanza samli ikacheka, mara ya pili ikatabasamu, mara ya tatu nikamkausha kwa shati langu mtoto akigongana meno. Saa nne ilipita tukiwa bado kwenye masikio.

Mwenye tai alinijia akitazama saa yake, pole pole, kama mtu anayejua ana karata nzuri.

"Mzee, saa nne yako imekwisha. Lakini samli haikuwa yetu."

Kweli haikuwa yao. Mnadani ukileta mzigo wenye kasoro unakubali kushusha bei. Nikashusha.

"Saa tano," nikasema.

"Saa sita."

"Saa tano na nusu. Na kila mkirekebisha mashine yenu, kofia inarudi kichwani."

Akakubali. Tukampaka mafuta yenyewe, safari hii yakashika, nami nikajiambia kwamba mtu aliyepakwa vizuri ana muda.

Kisha wakasubiri kombaini ipite nyuma, maana bila kombaini, walisema, ni majani tu. Kombaini ilikuwa imejaa, ikaenda kumwaga ngano kwenye tela. Wafanyakazi wakaja kutazama, na walikuwa na utani wao wa siku zote, kwamba mtoto huyu ni wa mtaalamu mmoja wa ngano kutoka ng'ambo.

"Shikamooni," binti yangu akawaamkia.

"Marahaba. Mtoto wa mtaalamu, hujambo?"

"Sijambo. Kama baba yangu ni mtaalamu, mbona nimekuja kwa miguu?"

Wakacheka wao kwa wao, mmoja akampa muwa. Nilikuwa nimekwisha kuchoka, na kazi haijaanza.

Ilipoanza, ilikuwa hivi. Kofia inatoka. Kijana mwingine anashika ubao uliofunikwa karatasi ya kung'aa, anaupinda mpaka jua linarudi kutoka chini na kumpiga mtoto usoni, ili kusiwe na kivuli. Kwa hiyo alikuwa na majua mawili, la juu na la chini. Kombaini inapita nyuma na vumbi lake. Kamera inawaka. Mimi nami wameniingiza kwenye picha, nasimama pembeni yake, namshika bega, natazama mbali kama baba mwenye matumaini. Yeye anasema: "Sasa jua ni rafiki yangu."

Alisema vizuri. Sauti haikutetemeka. Ila macho yalikuwa yamefumba.

"Rudia," akasema wa kamera. "Safari hii fungua macho, mdogo wangu. Tabasamu."

Akarudia. Macho yakafunguka kidogo kama mlango wa mtu anayedaiwa, yakajifunga. Macho yake ndivyo yalivyo. Hata ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi, anageukia ukuta. Nikawaeleza. Mwenye tai akasema anaelewa, anaelewa sana, lakini mteja hawezi kununua mafuta kwa mtoto aliyefumba macho kwa jua, na jua ndilo rafiki. Akapendekeza afumbe kwanza, wahesabu tatu, afumbue, aseme haraka. Wakahesabu tatu. Akafumbua, machozi yakatoka pamoja na maneno.

"Hiyo nzuri," wa kamera akasema.

"Analia," mwenye tai akasema. "Rudia."

Nilikuwa nahesabu marudio. Nilipofika mahali ambapo hesabu haisaidii, nikaacha. Saa tano na nusu ikaja, nikaliona jua lilipo bila kuhitaji saa ya mtu. Nikamtazama mwenye tai, naye alikuwa ananitazama mimi. Wote wawili tunajua.

"Mzee, moja tu ya mwisho," akasema. "Akifumbua macho sekunde mbili, tumemaliza, unachukua dazani yako."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto, mgongo wangu kwa jua. Uso wake ulikuwa bado mweupe kwa mafuta, lakini chini ya mafuta, kwenye kingo za masikio, palikuwa pameanza rangi ambayo naijua. Samli tuliyoisugua ilikuwa imeondoka na kitu kingine cha ngozi yake, au ni maji yale, au sabuni yangu kali, sijui. Sikio la kushoto lilikuwa jekundu kuliko la kulia.

"Mama," nikamwita, maana nilizoea kumwita hivyo, "linauma?"

"Haliumi."

"Nakuuliza kweli."

"Baba, naweza. Nimekaribia kuyafungua. Wahesabu tano, si tatu. Tatu ni chache."

Alikuwa anapatana nami bei. Ametoa bei, ameeleza sababu, amenikazia jicho ambalo halikuweza kufunguka. Nimefanya biashara na Wabarbaig wazee waliouza ng'ombe kabla sijazaliwa, na sijawahi kukutana na mtu mgumu hivyo. Nyuma yangu dazani ya pili ilikuwa juu ya boneti ya Land Rover, imefungwa kamba. Tyubu kumi na mbili. Niligeuza shingo nikazihesabu kutoka pale nilipokuwa, ingawa nilijua ni ngapi. Kila moja ni wiki tatu za sikio hilo hilo.

Nikachukua kofia, nikamvika, nikaikaza kamba chini ya kidevu.

"Tumemaliza," nikasema.

"Mzee, hatujamaliza."

"Sisi tumemaliza."

"Basi ile dazani ya pili..."

"Naijua."

Alingoja niombe. Nilimwona akingoja, hata akaacha mdomo wazi kidogo, maana mtu kama mimi lazima aombe nusu, lazima aseme tyubu sita, tyubu nne, angalau mbili za njiani. Nilikuwa nimechoka hata kutaja namba. Nikabeba ile dazani ya asubuhi kwenye mfuko wa chumvi, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kutafuta tela linalokwenda upande wa kwetu, Nangwa. Video ile sijawahi kuiona. Sijui kama walimtumia akilia, au walitafuta mtoto mwingine mwenye macho mazuri.

Tulilipata alasiri, dereva wa trekta akatupakia juu ya magunia. Binti yangu akakaa akinipa mgongo, anatafuna muwa wake kwa hasira, anatema makapi upande ambao mimi sipo. Tulikwenda hivyo kipande kirefu, upepo ukirudi na ubaridi wake wa uongo.

"Nilikuwa nimekaribia," akasema hatimaye, kwa mgongo.

"Najua."

"Hawatakuja tena."

"Hawatakuja."

"Wewe unapatana na kila mtu. Leo hukupatana."

"Leo sikupatana."

Akafikiria. Pengine alitaka nijitetee, apate pa kunishika. Kidogo kidogo kichwa kikaanza kumwelemea, akaanguka taratibu ubavuni mwangu, kofia na yote, akalala na kipande cha muwa mkononi. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa kulia, linaingia chini ya ukingo wa kofia, kwenye shavu. Nikahamia kulia kwake. Barabara ya mashamba imepindapinda. Trekta likakata kona, jua likawa kushoto, kwenye sikio. Nikamwinua kichwa bila kumwamsha, nikahamia kushoto. Dereva akageuka.

"Mzee, huko nyuma hutulii?"

"Wewe tazama njia," nikamwambia, "uniambie mapema ukitaka kukata kona."