Ubani wa mamangu na moyo wa Zuhura

Wakuu, salaam. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na wallahi sitii chumvi.

Majuzi nimesoma research inayohusisha carbon monoxide, ile hewa ya mkaa isiyo na harufu, na watoto kuzaliwa na kasoro za moyo. Nikaiweka simu chini.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikaa Bofu, Likoni. Mimi, mke wangu Rehema na mamangu.

Rehema aliposhika mimba ya kwanza, mama aliogopa asitiwe jicho la husuda. Akafunga dirisha la chumba, akaziba chini ya mlango kwa nguo. Asubuhi na jioni anawasha mkaa kwenye chetezo, anatia ubani.

Rehema akawa haishi kuumwa kichwa. Anatapika, kizunguzungu. Sote tukasema ndiyo mimba hiyo, na nani angedhani vingine?

Alasiri moja natoka kazini namkuta sakafuni. Namwita, haitiki. Nilimburura hadi uani nikijua nishampoteza. Alipopata hewa akafungua macho.

Nikafungua dirisha. Mama akalifunga.

"Mama, humu hamna hewa."

"Mwanangu, wataka wamtie jicho? Nami nalikuzaa vivi hivi."

Nikaliacha limefungwa. Mwanamume mzima, ndevu zimenijaa, nikaliacha!

Zuhura alizaliwa mzuri ajabu. Lakini akinyonya anatoka jasho, na midomo inageuka buluu. Tukampeleka hospitali, mama naye akafuatana nasi. Daktari akasema moyo una tundu.

Kisha akauliza, "Huyu mama alipokuwa na mimba, alikuwa akikaa kwenye moshi? Mkaa, sigara?"

Rehema akanitazama. Mamangu alikuwa amempakata Zuhura, anamsomea dua.

Nikasema, "La, daktari."

Zuhura hakufikisha mwaka. Mama naye keshafariki, hakujua kwamba huenda ni mkaa wake.

Siwezi kuapa kwamba ni ule mkaa. Hata hao watafiti wanasema vina uhusiano tu. Lakini uongo ule ni wangu, na unanila hadi leo.

Wenye wake wajawazito, msiwashe mkaa chumba kimefungwa. Kichwa kikimuuma ndani kisha kikapoa akitoka nje, msiseme ni mimba. Na daktari akiuliza, semeni kweli.

Haya, nipeni rai zenu, hata za kunitukana nitasoma. Mamako amempakata mtoto mgonjwa mbele yako. Wewe ungejibu nini?