Kahawa ya Wakubwa wa Mji

Kwetu Bagamoyo, mkubwa mpya wa mji akishakalia kiti, haupiti muda anakuja kunywa kahawa barazani kwetu. Mama anasema desturi hii aliianzisha babu yake, aliyekuwa liwali enzi za Mjerumani, yaani mtu wa hapa hapa pwani aliyevishwa joho na kilemba ili awatawale wenzake kwa niaba ya mzungu. Mama hasemi hivyo, bila shaka. Yeye anasema, "Babu alikuwa na mji mkononi." Hayo ya niaba nayaongeza mimi, na nikiyaongeza ananuna mpaka Isha.

Mjerumani alipofukuzwa, babu huyo wa mama alimpokea Mwingereza kwa sinia la halua. Hata hajamaliza kumlilia wa kwanza! Mwanawe, ambaye ndiye baba wa mama yangu, akawa liwali wa Mwingereza. Uhuru ulipokuja akavua kilemba, akavaa kofia ya kawaida, na mwenyekiti wa kwanza wa halmashauri akapokelewa kama ndugu wa ziwa moja. Baadaye serikali ikazifuta halmashauri, tukaletewa wakubwa wa kutoka bara waliokuwa wakihangaika namna ya kukunja miguu kwenye jamvi letu. Nao tukawapa kahawa. Halmashauri zikarudi, vikaja vyama vingi, vikaja vipaza sauti na fulana za rangi rangi, na sisi tupo pale pale mlangoni na dele letu la kahawa, iliki na tangawizi zikinukia.

Nilipokuwa mtoto nilijiona wa maana kwa ajili ya habari hizi. Nilizitangaza shuleni mpaka wenzangu wakanichoka. Leo mtu akinitajia baraza lile uso unaniwiva. Tumejikomba kwa kila aliyeshika mji, awe mwema awe mwovu, halafu tukaita kujikomba huko heshima ya nyumba.

Mwaka huu madiwani walimchagua mwanamke kuwa mwenyekiti wao. Namfahamu siku nyingi. Kabla ya udiwani alikuwa akikaanga nguru na papa pale soko la samaki, na mpaka leo akipata nafasi hupita asubuhi kuwasalimia wenzake. Humkosi na kikombe cha kahawa chungu mkononi, kikiisha hiki anaongeza kingine, na muuza kahawa humtania kwamba akiacha kunywa yeye, biashara itakufa.

Mama alipopata habari alifurahi kuliko nilivyotegemea. Miguu imemwisha nguvu, macho hayaoni mbali, na hofu yake kubwa ni kwamba desturi ya nyumba itakufa yeye angali hai. "Nenda kamwite," akaniambia. "Yule ni wetu. Bibi yake amezaliwa humu uani."

Ni kweli bibi yake alizaliwa uani kwetu. Mama wa bibi huyo alinunuliwa. Nyumbani neno hilo halitamkwi, tunasema "watu wa nyumbani", tunapita haraka. Mtu wa nyumbani, mtu wetu, mtoto wa uani. Mjakazi, basi! Alikuwa mjakazi, na binti yake akabaki pale pale akituchotea maji na kutupikia hata baada ya sheria kusema yuko huru, maana angekwenda wapi? Huyo ndiye aliyekuwa akipika kahawa ya wakubwa, wa Mwingereza na wa uhuru, mpaka alipozeeka na mwanawe akaja kumchukua.

Nilimkuta mwenyekiti sokoni. Nikamweleza. Alisikiliza huku akiangalia mafuta yakichemka kwenye karai la mwenzake. Hakukataa, hakukubali. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nitakaa wapi, dada?"

Nikacheka, mjinga mimi. "Utakaa wanapokaa wakubwa! Barazani, kwenye kile kiti cha babu. Nakuahidi."

"Haya," akasema. "Nitakuja."

Siku yenyewe nilifagia baraza mara mbili. Nikakipaka kiti mafuta ya nazi mpaka mbao zikang'aa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye msomaji wa dua siku hizi, alifika mapema na kanzu yake ya Ijumaa. Uani nako majirani wanawake walishatandika mikeka, maana kwetu ndivyo: wanaume wanaingilia mbele, wanawake wanazunguka nyuma. Wallahi jambo hilo halikunipitikia akilini. Wakubwa wote waliotangulia walikuwa wanaume, hakuna aliyewahi kujiuliza mkubwa mwanamke anapita mlango gani.

Gari la halmashauri likasimama. Akashuka na madiwani wawili, wanaume. Amevaa gauni refu la rangi ya udongo na mtandio mweupe. Akapanda ngazi ya baraza, mjomba akainuka kumpokea, mimi nikakivuta kiti mbele kidogo. Mama alikuwa ameketi ndani, kizingitini kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Karibu kwenu." Mama akanyoosha mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. "Lakini usihangaike na hao wanaume hapo nje. Zunguka uani, wenzio wapo huko. Njia si unaijua? Bibi yako alipita huko maisha yake yote."

Alisema kwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniua. Angesema kwa kiburi ningemgombeza mbele ya watu.

"Mama," nikasema, "mkubwa mwenyewe ndiye huyu."

"Najua. Kwani nimesema si mkubwa? Mwanamke hakai barazani. Wewe umewahi kukaa?"

Sikuwahi. Nina wajukuu, na sikuwahi kukaa kwenye baraza la nyumba niliyozaliwa wakiwepo wageni. Nikamtazama mjomba aniokoe, naye akawa anatengeneza kola ya kanzu. Madiwani wakawa wanaangalia viatu vyao. Mtume! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenyekiti alikiangalia kiti. Kisha akaniangalia mimi. "Usijali, dada," akasema taratibu, akashuka ngazi, akazunguka nyumba. Nyuma yangu nikasikia mbao zikilia. Diwani mmoja, mnene, alikuwa ameshakikalia kiti cha babu, maana kilikuwa wazi.

Nilimsaidia mama kuingia uani, nikamketisha karibu na mgeni. Wanawake walipiga vigelegele, wakamkumbatia, wakamuuliza habari za barabara na za maji. Yeye akawajibu vizuri, akacheka nao. Halafu akamgeukia mama.

"Mama, bibi alikuwa anapikia wapi kahawa?"

"Pale," mama akaonyesha bila kusita, kwenye pembe ya ukuta, mahali tunapoweka mapipa siku hizi. "Mafiga yake yalikuwa pale pale."

Akasimama, akaenda hadi kwenye pembe ile. Kutoka pale huoni barazani. Unaona mgongo wa nyumba na kipande cha mlango. "Bibi alituambia aliwajua wakubwa wote wa mji," akasema, "ila hakumwona uso hata mmoja wao. Mzungu wa mwisho alimjua kwa kikohozi. Yule wa baada ya uhuru alikuwa anacheka kabla hajasalimia. Mmoja alikuwa anaburuta mguu. Akisikia mguu unaburuta, anaongeza tangawizi."

"Kweli kabisa!" mama akapiga makofi. "Alikuwa anaburuta mguu! Eh, nilishamsahau!" Akacheka mpaka akakohoa. Wanawake wakacheka naye. Mimi sikuweza.

Kahawa ikaletwa. Nilimmiminia mwenyewe, kwenye kikombe cha udongo chenye ukingo wa dhahabu, kimoja cha vile vya wakubwa, nikampa kwa mikono miwili. Akakipokea, akakiweka mkekani pembeni yake.

"Nashukuru, dada. Mimi kahawa sinywi."

Kule mbele mjomba alianza dua. Tuliisikia kupitia ukutani, akimwombea mwenyekiti wetu afya na busara, akiliombea baraza liendelee kupokea wakubwa wa mji. Mwenyekiti akainua mikono, akaitikia amina kama sisi wote. Dua ilipokwisha akamuaga mama kwa heshima, akapita njia ile ile aliyoingilia, na gari likaondoka. Hata lawama hakunipa. Angenipa ningepumua.

Nilikuwa nakusanya vikombe wakati mama, ameridhika kabisa, anasimulia peke yake namna siku ilivyokwenda vizuri. Babu angefurahi. Desturi haijafa. Kisha akakiona kikombe mkekani, kimejaa.

"Hajakigusa, umeona? Bibi yake mtupu! Miaka yote aliyotupikia sikumwona hata siku moja ananyanyua kikombe. Alikuwa hapendi kahawa yule bibi."

"Mama," nikasema, "alikuwa hapewi."

Akatazama pembe ya mapipa, akatazama mlango wa mbele, kisha akaniambia nimpe kile kikombe. Nikampa. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Akakipakata kwa mikono miwili, na nilipotaka kukichukua nikakioshe, akakataa.