Mwaka Mama Alipoacha Wali

Harufu ya wali wa nazi uliopaliwa makaa huanza kimya kimya. Kwanza huwa ni mvuke wa tui tu, mzito kidogo, kisha wali unapokaribia kukauka hutoka harufu nyingine, ya ukoko unaoshika chini ya chungu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiturudisha nyumbani kwetu Mjambere kutoka popote tulipokuwa tukicheza. Wakati wa vita vikuu vya pili tuliikosa. Mchele ulikuwa hauletwi, tukala unga wa mahindi ya njano ulionuka gunia, tukala muhogo, na kesho yake muhogo tena. Vita vilipokwisha na mchele ukaanza kurudi madukani kidogo kidogo, baba yangu alikuja siku moja na kikapu cha mchele begani, akakitua miguuni pa mama huku akicheka kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikula wali siku hiyo mpaka tukashindwa kuinuka mkekani. Haikupita miezi mitatu, mama akakatazwa kuula.

Baba yangu, Mbwana, alikuwa akiuza makuti na mbata, na watu wa Kisauni nzima walimjua kwa mambo mawili, sauti yake na ulaji wake. Lakini kulikuwa na jambo la tatu walilomsemea pembeni. Wanaume wa mtaani kwetu walikula barazani na wenzao, wake na watoto wakala ndani. Baba alikula ndani, sinia moja na mama. Alikuwa akimega tonge la kwanza, analichovya kwenye mchuzi, kisha anamtia mama kinywani kabla yeye mwenyewe hajala. Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanakombo, ambaye tuliishi naye, aligeuza uso kila mara kama mtu aliyeingia chumbani bila kupiga hodi. Mimi niliona fahari. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyopendana, kwa mkono na tonge.

Maradhi ya mama yalianza kwa kiu. Alikuwa akienda mtungini kila mara, anakunywa kata mbili, tatu, anarudi kukaa, na kabla jasho halijamkauka ananyanyuka tena. Alikonda ingawa alikula vizuri. Halafu akajikwaa kwenye kifuu nyuma ya nyumba akapata kidonda cha mguu, kidonda kidogo tu ambacho kingepona kwa siku saba, lakini wiki zikapita na bado kilikuwa kibichi. Bibi alikiosha kwa majani, akamwita mtu akakisomea. Mwisho baba akamtafutia mama mkokoteni, tukavuka bahari kwa daraja la kuelea kwenda mjini hospitali, mimi nikitembea kando nikiwa nimeshika mkoba wake.

Daktari alikuwa Mzungu, na maneno yake yalifasiriwa na dresa mmoja mwembamba, mfunga vidonda wa hospitali, aliyesema Kiswahili cha kwetu. Mkojo wa mama ulitiwa kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, ukachemshwa mbele yetu, na ile buluu ikageuka kijani, kisha njano, kisha ikawa nyekundu kama tofali. Dresa akasema ni sukari, imejaa mwilini. Akasema wali basi, muhogo basi, tende, ndizi mbivu, mahamri, chai ya sukari, vyote basi. Ale samaki, mayai, mchicha, kunde kidogo, na ugali wa mtama mara moja kwa siku. Mama akauliza ugali kiasi gani. Dresa akatazama huku na huku, akanishika mkono, akaufumba. "Kiasi cha ngumi ya mtoto huyu," akasema. Kisha akasema neno ambalo mama alilichukua mpaka nyumbani bila kulidondosha: ukiushika mwiko huu utaishi kuwalea wanao, usipoushika mguu utakatwa, na baada ya mguu hatuna la kuahidi.

Basi mama akaushika. Sijui nieleze vipi ushupavu ule. Hakuacha kupika hata siku moja, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kupika. Alfajiri alikanda unga wa mahamri kwa tui na iliki, akayachoma mpaka nyumba nzima ikanukia, akayapanga kwenye sahani, akayafunika kawa na kutuletea, naye akanywa maziwa matupu. Mchana alikuna nazi, akapika wali, akakaanga samaki changu, akachanganya mchuzi wa ukwaju. Zamani alionja tui kiganjani mwake. Sasa aliniita mimi nionje nimwambie kama limekolea. Kisha akapika ugali wake kwenye kisufuria kando, akaniita tena niweke ngumi yangu karibu nao, na uliozidi akaukata akautupia kuku. Miezi miwili baadaye kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Hakuna mtu nyumbani aliyelisema hilo. Nadhani mimi pekee ndiye niliyeliona, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji ya kukioshea.

Walichokiona wengine ni sinia. Mara ya kwanza mama aliposogea kando na sahani yake ya mchicha, baba alicheka. Alimega tonge kama kawaida, akalichovya, akanyoosha mkono.

"Hebu fungua kinywa, Mwana Esha. Moja tu halitakuua."

"Bwana, nimekatazwa na daktari," mama akasema. "Si wewe ninayekukataa."

Mkono wa baba ulibaki hewani. Niliuona mchuzi ukimchuruzika mpaka kifundoni. Kisha akalirudisha tonge siniani, hakulila, akanawa, akatoka. Siku zilizofuata alijaribu tena, mara kwa mzaha, mara kwa kubembeleza, mara akileta halua iliyofungwa kwenye karatasi akaiweka juu ya mto wa mama. Mama alitugawia halua ile sisi watoto. Baba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichukua miaka mingi kulikubali. Alijua kupenda kwa njia moja tu, na njia hiyo ilipofungwa hakutafuta nyingine.

Bibi ndiye aliyelipa jambo lile jina. Alisema ni kiburi. Majirani walipokuja alikuwa akiwaambia, mama akiwa jikoni anasikia, kwamba mkaza mwanawe amejifunza kwa Wazungu kukataa chakula cha mumewe. Ramadhani ilipoingia mambo yakawa mazito zaidi. Mama alifunga kama sisi. Adhana ya magharibi ilipotoka, mkekani kulikuwa na viazi vitamu vya nazi, kaimati zilizokoga shira, tambi, na tende kwenye kisahani cha buluu. Mama akafungua kinywa kwa maji, akala yai. Bibi akamsogezea kisahani cha tende, na mama akakirudisha taratibu kwa ncha za vidole. Bibi akamtazama baba, wala hakumtazama mama, akasema, "Umemuona? Hata tende ya kufungulia." Baba akachukua kiazi. Na mimi niliyekuwa nimebeba chupa ya mkojo mpaka hospitali wiki moja kabla, nikaiona dawa ikibaki kijani bila kufika tofali, mimi niliyekuwa na la kusema, nilikuwa na kaimati mdomoni.

Kuna siku moja katika mwezi ule nisiyopenda kuikumbuka. Mama alikuwa amekaa peke yake ukumbini na sahani yake, sisi wengine tumezunguka sinia. Akaniita. Niliitika abee, nikaenda. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Zuhura, leo kaa ule na mimi." Katika mwaka ule mzima hilo ndilo jambo pekee alilowahi kumwomba mtu. Nilitazama mchicha, nikatazama kipande cha samaki wa kuchoma na kile kitonge cha ugali mweusi. Pilau ilikuwa inanukia nyuma yangu. Nikamwambia, "Kesho, mama." Akasema haya, mwanangu, nenda kabla hawajamaliza. Nikaenda. Kesho yake hakuniita, na mimi sikujipeleka.

Baada ya Idi baba alimwambia mama kwamba anaoa. Alimwambia mbele yetu, labda kwa kuogopa kubaki naye wawili. Mwanamke alikuwa wa Utange, jina lake Rukia, mcheshi, mnene, na wallahi sina la kumlaumu. Baba alisema maneno mengi kuhusu sheria na uwezo, kisha mwisho akasema lililokuwa moyoni: mtu hawezi kula peke yake maisha yake yote. Mama alikuwa akichambua mchele wakati huo. Hakuinua uso. "Mimi nimekula peke yangu mwaka mzima," akasema, "na nyote mlikuwapo."

Hakupiga kelele, wala hakuzuia. Alipika hata chakula cha harusi, vyungu viwili vikubwa vya pilau, nami nikaonja chumvi. Kisha akaomba talaka yake. Baba alishtuka, kwani alidhani mambo yangeendelea, mmoja akipika na mmoja akila naye. Wazee wakaja, wakazungumza, mama akasimama palepale, na mwisho baba akatoa. Kaka yake mama alikuja kutoka Likoni kumchukua. Siku hiyo baba aliniita uani, akaniuliza mwenyewe, kwa upole, kama nitakwenda na mama au nitabaki. Nilisema nitabaki kwa ajili ya chuo cha Kurani, sijahitimu juzuu yangu. Watu wazima wakatikisa vichwa wakaona nina akili. Mama alinitazama, na nilijua anajua. Nilichokuwa nakifikiria ni kwamba kwa mama hakutakuwa na wali.

Nilikosea hata hilo. Kila nilipopelekwa kumtembelea Likoni, nilimkuta amenipikia wali wa nazi, umekauka vizuri, na kuku wa kupaka. Aliniwekea mbele, akakaa upande wa pili na sahani yake, akaniuliza habari za chuo. Nilikula nikashiba. Alinitazama nikila kama mtu anayetazama mvua iliyokuwa ikingojewa. Nikakua, nikawa mwari, nikaolewa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusema, mama, leo nipe kutoka sahani yako.

Mguu haukukatwa. Aliishi miaka ishirini na minne baada ya ile siku ya dresa, aliwaona wajukuu, akamzika baba, ambaye alikufa akiwa amevimba na kupofuka, na daktari aliyempima mwishoni akasema ni sukari, ya siku nyingi.

Sasa ninayo mimi. Nilipoambiwa, mkaza mwanangu aliniita jikoni akaniuliza ninaweza kula nini, akaandika kwenye karatasi, na tangu siku hiyo nyumba nzima inakula hivyo. Sukari imetolewa mezani. Wali hupikwa siku ya Ijumaa tu, nami nikiwa nimekwenda kwa dada yangu. Wajukuu hunywa chai isiyo na kitu na hawanung'uniki, labda hawajui kwamba kuna la kunung'unikia. Wageni wakija, mwanangu hunisifu kwamba mimi ni mgonjwa mtiifu, sijavunja mwiko hata mara moja, na wageni husema mashallah. Utiifu wangu haujawahi kunusishwa wali ukiiva. Mama aliushika mwiko ule kwa mikono yake yenye unga wa mahamri, akatupikia sisi, na sisi tukakaa pale, tukala mbele yake.